Anayesema ni Aliye Chini

Alhamisi ya tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kiwanda cha kushona sare kilianguka. Saa naijua kwa sababu dereva wa lori alikuwa ndiyo kwanza ameniuliza nitamaliza lini, nami nikatoa kichwa chini ya gari kutazama saa ya ukutani. Sikuwahi kumjibu.

Kiwanda kilikuwa na ghorofa tatu kwenye karatasi na nne kwa macho. Ile ya nne mwenye kiwanda aliiongeza juu juu, kisha akaitwika tangi la maji. Wakaguzi walikuja, wakanywa soda ofisini, wakaondoka wakicheka. Mke wangu alishanieleza kwamba cherehani zote zikiwaka, chai kwenye kikombe inatetemeka. Nikamwambia awaeleze wakubwa. Akasema, "Wakubwa wanajua, Fundi. Wao hawanywi chai humo ndani."

Mimi ni fundi wa matairi. Shule niliiacha darasa la nne, lakini jeki naijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Pale gereji tuna sheria moja, na aliyenifundisha kazi alinifundisha hiyo kabla hajanionyesha hata spana. Mtu akiwa chini ya gari na mwingine ameshika mpini wa jeki, anayesema ni aliye chini. Akisema "panda", unapandisha. Akisema "shuka", unashusha. Wa mpini hana mdomo, hana akili, hana bosi. Mwenye gari anaweza kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo imtoke, wewe humsikii. Sheria hiyo ililetwa na kifua kilichopondwa cha mwenzetu mmoja, ambaye wa mpini wake alimsikiliza tajiri. Watu husema aliye juu mngoje chini. Kwetu aliye juu humtii aliye chini. Miaka ishirini na mbili mkono wangu umetii hivyo, na mke wangu aliyekuwa akiniletea chakula cha mchana gereji alilijua jambo hilo vizuri. Hata nyumbani, akitaka niinue kabati afagie chini yake, alikuwa anainama na kuita, "Panda!" Tunacheka.

Nilikimbia na jeki mbili za lori, moja kila mkono. Watu wananipisha kama mwendawazimu.

Jirani yangu Kinyozi nilimkuta amefika. Tunagawana ukuta mmoja yeye na mimi, chumba kwa chumba. Mkewe na mke wangu walikuwa wakishona cherehani zilizopakana, wanatoka asubuhi pamoja, wanarudi jioni pamoja, wanagombana njia nzima kama mtu na dada yake. Kinyozi alikuwa amesimama mbele ya kifusi na koti lake jeupe la kazini, mkono mmoja juu ya kichwa. Hakuwa amegusa hata jiwe. Ana mikono laini yule, mikono ya kushika vichwa vya watu.

"Fundi," akaniambia, "wanasikika. Wote wawili wanasikika."

Kweli. Palikuwa na tundu chini ya bamba la zege, upana wa mtu kujipenyeza kwa tumbo. Nikaingiza kichwa na tochi. Waliangukiwa na boriti moja ya zege, imelala juu ya mapaja yao kama blanketi walilogawana. Mke wangu upande wa kulia, mke wa Kinyozi kushoto. Nyuso zao nyeupe kwa vumbi. Wameshikana mikono.

"Fundi, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umechelewa. Ulikuwa na mteja?"

"Nyamaza, usimalize pumzi."

"Mwenye pumzi ni huyu hapa pembeni. Tangu asubuhi anapiga kelele, masikio yananiuma kuliko miguu."

"Shemeji, msikie mkeo!" mke wa Kinyozi akalia na kucheka kwa pamoja. "Hata chini ya zege ananisema!"

Niliweka jeki ya kwanza upande wa kulia na ya pili katikati, nikazikalisha juu ya magogo ya mbao, nikazibana mpaka zikagusa boriti. Ilinichukua muda mrefu, maana kifusi ni kama mchanga wa mtoni, unaweka hiki kile kinatitia. Nilipomaliza ilikuwa saa nane mchana. Nikashika mpini. Hapo ndipo nikashikwa bega.

Alikuwa muuguzi, dada mfupi mwenye magoti yaliyochubuka, kila mtu anamwita Sista. Nyuma yake alikuwa mkuu wa uokoaji, yule tuliyempa jina la Kofia Nyeupe kwa sababu kofia yake peke yake haikuwa na vumbi.

"Usipandishe," Sista akasema.

"Mke wangu yuko humo tangu saa nne."

"Ndiyo maana usipandishe. Kaka, wewe ni fundi, nisikilize kifundi. Mguu uliobanwa saa nyingi nyama yake inakufa, inatoa sumu. Sasa hivi sumu imezuiliwa na hiyo boriti, kama uchafu kwenye bomba lililoziba. Ukizibua ghafla, wote unakwenda kwenye moyo, na moyo unasimama. Mtu anatoka anaongea, anaomba maji, halafu anakufa mbele yako. Lazima kwanza tumtie maji ya mshipa, mfuko mzima uingie, ndipo tuinue. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Sitasema sikumwelewa. Nimesikia watu wakinitetea eti fundi hakusoma, hakujua. Nilijua.

Sista alikuwa na mfuko mmoja wa maji. Mingine mitano alishaimaliza kwa waliotolewa upande wa lango. Akaingia tunduni kwa tumbo akiburuta mfuko, tukabaki tunatazama nyayo za viatu vyake. Alikaa humo, nikasikia wanaongea wote watatu kwa sauti ya chini. Kisha akatoka kinyumenyume, mrija unamfuata. Nikaangaza tochi kuufuata mrija unakwenda wapi.

Ulikwenda kushoto.

Akampa Kinyozi mfuko. "Shika juu. Usishushe hata ukichoka." Kinyozi akaunyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa kombe, machozi yanamtiririka, na watu wakampigia makofi. Makofi! Mimi na jeki zangu mbili, na magoti yangu yanayotoka damu, hakuna aliyenitazama.

"Sista, na wangu?"

"Wa pili unakuja. Nimetuma mtu stoo ya hospitali."

"Kwa nini huyu kwanza?"

Macho yake yalikuwa kwenye mrija. Alikuwa anahesabu matone. Lakini mimi nikajijibu mwenyewe. Kofia Nyeupe hunyolewa kwa Kinyozi kila Jumamosi. Nimewaona kwa macho yangu, amekalishwa kwenye kile kiti chenye mto, anapulizwa marashi shingoni. Mimi ni nani? Mkubwa gani amewahi kukaa kwenye tairi bovu pale kwangu tukapiga soga? Wivu uliniingia pale pale, saa nane na nusu mchana kweupe, na ulikuwa wa moto kuliko jua. Namwambia Mungu ukweli wake: kwa muda kidogo sikuuombea ule mfuko uingie vizuri.

Aliyetumwa stoo akarudi mikono mitupu. Stoo imefungwa. Mwenye ufunguo hayupo.

"Hayupo kaenda wapi?" Sista akafoka.

"Kaitwa langoni. Kuna mkubwa anakuja kutoa pole. Wakuu wote wa idara wameambiwa wapange mstari."

Nikageuka kumtafuta Kofia Nyeupe. Naye alishaondoka, kwenye mstari. Sista akatukana tusi ambalo sikutegemea kulisikia kutoka kwa mwanamke mwenye msalaba shingoni, akaninyooshea kidole: "Usiguse mpini mpaka nirudi." Akakimbia.

Tukabaki mimi, Kinyozi na mfuko wake, na wapagazi wawili waliokuja kusaidia. Mfuko ulikuwa umebaki chini ya robo. Kwa mbali tukasikia ving'ora vya msafara.

Halafu kifusi kikakohoa. Sina neno jingine. Vumbi likatoka tunduni, kitu kikalia ndani ya zege, krr, krr, na mke wa Kinyozi akapiga ukelele wa kukata roho. Na juu ya ukelele huo, sauti ya mke wangu, safi, ile ile ya kabati:

"Panda!"

Mkono wangu ulipanda. Sikuuambia. Wakati kichwa kinakumbuka Sista kasema nini, mpini ulishakwenda mara tatu, nne, boriti imeshaachia vidole viwili, vitatu, na wapagazi wameshajitosa tunduni. Walimtoa mke wa Kinyozi kwanza, mrija bado mkononi. Kisha wangu. Bamba likaja chini nyuma ya miguu yao, likazikunja jeki zangu kama bati.

Mke wangu alikaa juu ya machela. Alikaa, narudia. Akajipangusa uso, akarekebisha kitambaa chake cha kichwani, akanitazama.

"Fundi, shati lote hilo umelichana. Nani atalishona?"

"Wewe."

"Nipe maji kwanza."

Nikamnywesha. Akasema moyo unamwenda kama cherehani iliyokatika mkanda. Akasema tena jambo ambalo sikulisikia, kwa sababu langoni walikuwa wanapiga makofi, mkubwa amefika. Nikainama nimsikie. Alishakwenda.

Sista alifika baadaye na mifuko miwili, mmoja kila kwapa. Aliponiona akaiachia ikaanguka. Haikupasuka. Ni migumu ile mifuko.

*

Sasa nieleze ya ukuta, maana huo ndio unaonila.

Mke wa Kinyozi alilazwa wiki sita. Mguu mmoja ulipona, mwingine umekauka kidogo, anatembelea gongo. Gongo lile nalisikia kila siku likigonga sakafu ng'ambo ya ukuta, ko, ko, kutoka kitandani mpaka jikoni. Nasikia anamgombeza mumewe. "Wewe mwanamume, nimekwambia chumvi kidogo!" "Hizi nywele za watu mbona umeziingiza ndani?" Kinyozi anajibu taratibu, naam mke wangu, nisamehe mke wangu. Watu huwaonea wivu wenzao kwa magari na mashamba. Mimi namwonea wivu mtu kwa kugombezwa.

Asubuhi Kinyozi anambeba mkewe mpaka kwenye kiti uani aote jua. Mikono yake laini imepata sugu kwa gongo na ndoo. Nikimwona naingia ndani. Akinisalimia najibu kwa koo, si kwa mdomo. Kwake sinyoi tena, najikata mwenyewe na mkasi wa kukatia mipira. Wateja wananicheka: "Fundi, hicho kichwa kimepata pancha?" Nawaambia ndiyo, na kiraka hakishiki.

Binti yangu, aliyeolewa mji wa pili, alikuja kuniona akashangaa. "Baba, hata salamu? Huyo mama si alinibeba mgongoni?"

"Alikubeba. Na mfuko akaubeba."

"Baba, wivu kwa mgonjwa?"

"Mgonjwa ni yule ambaye bado yuko hai," nikamwambia. Kesho yake akapanda basi.

Tume ilikuja mapema, kabla gongo halijaanza kugonga. Wakubwa tisa nyuma ya meza ndefu, kila mmoja amewekewa chupa ya maji mbele yake. Chupa tisa. Nilizihesabu. Wengi hawakuzifungua. Mke wangu alikosa mfuko mmoja.

Mwenyekiti akauliza, "Nani alikuamuru uinue?"

"Mke wangu."

Wakatazamana. Mmoja akakohoa kuficha kicheko. "Tunauliza mwenye mamlaka."

"Kwenye jeki mwenye mamlaka ni aliye chini."

"Kuna shahidi aliyesikia?"

Kinyozi alishasema yeye alikuwa analia, hakusikia neno. Kati ya wapagazi, mmoja alisema alisikia, mwingine akasema hakusikia, na wa kwanza akabadilisha. Aliyebaki ni mmoja tu, mke wa Kinyozi, na yeye alikuwa hospitalini wakati ule, na mimi singepiga magoti mbele ya kitanda chake.

Nikauliza la kwangu: "Saa tisa kasorobo, ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa nani?" Mwenyekiti akasema hilo haliko kwenye hadidu za rejea. Sijui hadidu ni mdudu gani, ila najua anakula watu.

Ripoti ilipotoka, binti yangu alinisomea kwa simu. Kuhusu ghorofa ya nne, uchunguzi unaendelea. Kuhusu stoo, hakuna. Kuhusu mke wangu kulikuwa na mstari mmoja: "Kifo kilichotokana na kuinuliwa mapema na raia asiye na mafunzo, bila amri." Raia huyo ni mimi. Mwisho waliandika kwamba mwenye ushahidi mpya aupeleke ndani ya siku thelathini.

Siku zilikatika. Nilizihesabu kwa zile ko, ko za ukutani. Aliyeweza kunifuta kwenye mstari ule alikuwa hatua nane kutoka kitandani kwangu, na mimi nikaona bora jina langu lioze kuliko kumwomba.

Siku ya ishirini na saba, Jumapili baada ya chakula cha mchana, gongo likatoka nje. Ko, ko, likaja mlangoni kwangu.

"Hodi hapa, shemeji."

Nikajigeuza upande wa pili kitandani.

"Shemeji, nimesimama kwa mguu mmoja na nusu. Nikianguka hapa watu watasema tena ni wewe."

Nikafungua. Kinyozi alikuwa nyuma yake, amebeba kigoda. Akakiweka, mkewe akakaa, yeye akabaki amesimama akitazama vidole vyake vya miguu.

"Miezi mitano hunisalimii," mwanamke akasema. "Nimesema mwache, ana msiba. Lakini msiba wako una meno, shemeji. Unaning'ata mimi."

"Mfuko ulikwenda kwako."

"Ulikwenda kwangu."

"Kwa sababu Kofia Nyeupe ananyolewa kwenu."

Kinyozi akanyanyua uso kwa mara ya kwanza. Hakukasirika. Nadhani alinionea huruma, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Fundi, yule mtu hata jina langu halijui. Ananiita 'wee kijana'. Nina miaka hamsini na mbili."

Mkewe akashika gongo kwa mikono yote miwili. "Sista alipoingia alituambia, nina mmoja, nani amelegea zaidi? Mimi nilikuwa siwezi kujibu, meno yanagongana. Mkeo akasema: 'Mpe huyu. Huyu akifa nitasikia kelele zake mpaka ahera. Mimi nina fundi wangu hapo nje.' Ndivyo alivyosema. Sista akamuuliza mara mbili. Akasema mpe, bwana, unatuchelewesha."

Nilikaa chini, sakafuni. Miezi mitano nilikuwa nimemshikia bango muuguzi wa watu, na Kinyozi, na mkewe, kwa kitu alichokitoa mke wangu kwa mkono wake mwenyewe. Na badala ya kupoa, nikasikia wivu umehama tu mahali. Kwa muda wa saa nne nzima wale wawili walikuwa gizani mkono kwa mkono, wakitaniana, wakigawana mambo, na mimi nje nahangaika na magogo. Yaliyosemwa humo ni yake huyu. Mimi nimeambulia la shati.

"Na 'panda'?" nikauliza. "Ulisikia?"

"Nilisikia. Ndilo lililonileta. Zege lilishuka, boriti ikanibana zaidi, nikapiga ukelele. Mkeo akanibana mkono, akasema nyamaza. Kisha akaita. Kesho nitakwenda kwenye tume, huyu atanisukuma kwa baiskeli, nitawaambia: fundi hakujiamulia. Aliambiwa na aliye chini. Waandike."

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. "Nimeshaazima baiskeli."

Nilipaswa kushukuru. Nilifungua mdomo nishukuru. Kilichotoka ni kingine.

"Sista alipowaeleza habari za sumu, alimweleza nani?"

Akanitazama.

"Alitueleza wote wawili, shemeji."

"Mke wangu alisikia?"

"Alisikia. Alirudia hata. Alisema, kumbe mimi ni bomba."

"Alielewa kwamba asiye na maji, akiinuliwa..."

"Alielewa."

Kinyozi akashika bega la mkewe. Uani kuku walikuwa wanagombania ganda la tikiti. Mwanamke akautazama mguu wake uliokauka, akaupapasa kama mtoto asiye wake, kisha akasimama kwa gongo, wakaondoka.

Kesho yake walikwenda. Walipokelewa, wakaandikishwa, wakaambiwa watajulishwa. Bado hatujajulishwa. Sista naye nilimtafuta hospitali nimwombe radhi, nikaambiwa amehamishwa, hakuna anayejua wapi. Wakubwa nitawafuata mpaka niingie kaburini, juu ya ghorofa yao ya nne na ufunguo wao. Wasidhani jambo hili limenilainisha.

Lakini lipo moja ambalo si la tume, na nimelizungusha mpaka limenichosha. Bamba lilikuwa linashuka, labda lingewafunika wote. Labda aliita kwa ajili ya yule aliyemshika mkono. Labda maumivu tu yaliita. Yeye alijua mfuko wake haujafika. Alijua nimekatazwa. Na alijua, kuliko mtu yeyote chini ya jua, kwamba kuna neno moja ambalo mkono wangu hauwezi kulikataa.

Basi ni nani ataniambia kwa nini aliniita kwa neno hilo?